Darasa la Ticha Ndugu

Wifi yangu alikuwa akifundisha watoto wadogo Kiingereza sebuleni, na mimi nikishona barazani, ukuta mmoja tu kati yetu. Kwa hiyo kama kuna mtu mzima aliyesoma darasa lile bila kuandikishwa, ni mimi. Hadi leo ukinishtua usingizini nitakutajia maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya kubwa, tena kwa mpangilio.

Tuliishi wawili tu. Mume wangu, ambaye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, alitangulia. Mume wake akafuata. Mwanawe wa pekee yuko kazini mji mwingine. Watu walitushangaa. Mawifi wawili, paa moja, jiko moja, na hakuna aliyemmwagia mwenzake uji wa moto! Wapo waliokuwa wakipita pale barazani kwa mwendo wa kinyonga, wasikie kama vifuniko vya sufuria vimeanza kuruka. Tuligombana, sikatai. Mimi nina ulimi, yeye alikuwa na kiburi cha chaki. Lakini nilimpenda yule mwanamke kuliko baadhi ya dada zangu, na ninalisema hili mapema kwa sababu watu wamesema mengine.

Watoto walimwita Ticha Ndugu. Walikuwa watoto wa miaka mitano, sita, wanaojiandaa kuingia shule zinazofundisha kwa Kiingereza, na wazazi waliwaleta kwake kwa sababu mtoto aliyepita mikononi mwake hakuwa na neno moja moja mdomoni. Walimu wengine walisema "big" ni kubwa, basi, twende mbele. Yeye alisema hakuna neno lililozaliwa peke yake. Neno lina ndugu, na usipowajua ndugu zake hujalijua. Alikuwa na benchi refu la mbao ukutani. Mtoto mmoja anaitwa kuwa "big", anavishwa shingoni kitambaa chenye neno hilo, kisha Ticha anauliza, "Ndugu zake wako wapi?" Hapo utasikia vurugu. "Large" anakimbia, "huge" anakimbia, na "enormous", nafasi ambayo siku zote aliitaka yule mtoto mfupi kuliko wote, anakimbia akiwa amevimbisha mashavu. Wanajipanga kwenye benchi kuanzia mpole hadi mkali. Maana ndugu si pacha, alikuwa akiwaambia. Huwezi kusema tembo ni "big" ukanyamaza, na huwezi kusema sahani ya chakula ni "enormous", labda kama hujala tangu jana.

Vitambaa nilishona mimi, kwa mabaki ya nguo za wateja. Maneno ya ukoo mmoja niliyakata kwenye kitambaa kimoja. Ukoo wa kubwa ulikuwa wa buluu, ukoo wa furaha wa njano yenye maua, na ukoo wa hasira ulitoka kwenye sketi nyekundu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Mtoto hata kama hajui kusoma vizuri, anawaona ndugu kwa rangi.

Darasa lile lilikuwa na sheria moja kuu. Mtoto akisimama, neno likampotea, haruhusiwi kunyamaza wala kulia. Anatakiwa amtume ndugu. Umesahau "happy"? Mlete "glad". Huna "glad"? Cheka, ruka, onyesha kwa mikono, mradi ufike unakokwenda. "Neno likikukimbia, mtume ndugu yake," alisema Ticha, na watoto wakaitikia kwa kupiga makofi. Ilikuwa sheria nzuri. Watoto waoga walifunguka midomo kwa sheria ile. Na ni sheria hiyo hiyo iliyotufunga macho sote.

Ilianza na mkasi. Asubuhi moja alitoa kichwa mlangoni akasema, "Wifi, niazime kile... kile cha kukatia."

"Mkasi?"

"Ehee, huyo huyo. Nimemtuma ndugu yake."

Tukacheka, nikampa mkasi. Baada ya siku kadhaa kikaja "kile cha kufagilia". Ikaja "ile nyeupe ya kwenye chai", maana yake sukari. Akaja "yule wa matairi", maana yake fundi baiskeli wa jirani, ambaye tumemjua tangu ana nywele. Kila mara alimalizia kwa mzaha ule ule wa ndugu na mimi nikacheka, ila kicheko changu kilizidi kuwa kifupi. Anayetania humtazama machoni anayemtania. Yeye alikuwa akitazama midomo yangu, akingoja neno litoke alidake.

Benchi lakini halikutetereka, na hilo ndilo lililowadanganya watu. Ukoo wa huzuni, ukoo wa haraka, ukoo wa polepole, yote aliyoyasema miaka nenda miaka rudi yalimtoka yenyewe bila kukwama. Mgeni angeketi pale angesema huyu mwalimu ana kichwa cha chuma. Vilivyokuwa vinaondoka ni vya jana na vya leo. Mchana mmoja nilimkuta jikoni, jiko alilopikia tangu yuko msichana, akivuta droo moja baada ya nyingine huku akiimba chini chini. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Nikikiona nitakijua," alisema.

Nilirudi barazani, nikatia uzi kwenye sindano, nikautoa, nikautia tena. Sikupenda ule wimbo.

Kisha akaja na ombi. "Wifi, nishonee vitambaa vingine. Vya majina ya watoto. Kila mtoto avae jina lake kifuani."

"Kwani wewe majina yao huyajui?"

Akaninyooshea shingo, kama anavyomnyooshea mtoto aliyejibu bila kunyoosha mkono. "Mimi nayajua. Nataka wao wajifunze kuyasoma."

Jibu la kimwalimu, limenyooka, huna pa kulishikia. Nikashona. Kila jina nililolimaliza mikono ilizidi kuwa mizito, maana nilijua ninachokishona. Wazazi walifurahi kupita kiasi. Ticha ana mbinu mpya kila siku, walisema, tazama mtoto wangu anavyolisoma jina lake! Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yale mimi niliyapinda pindo.

Nikampigia simu mwanawe. Nikamweleza mkasi, nikamweleza droo, nikamweleza vitambaa. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Anti, mmegombana?"

"Hatujagombana. Mama yako anaumwa. Njoo umpeleke hospitali akapimwe kichwa."

"Juzi tu nimeongea naye, alinichekesha mpaka nikatoka machozi. Anti, mimi nawajua nyinyi. Mkikorofishana kidogo, kila mmoja ananipigia kivyake. Yeye mwenyewe kaniambia unamfichia vitu vyake jikoni."

Mimi! Namfichia vitu!

"Vumilianeni bwana," alisema yule kijana, na nikamsikia anatabasamu. "Mawifi ni mawifi."

Nikaona nimtafute mtu wa fani. Miongoni mwa watoto alikuwapo msichana mdogo mwenye alama nyeusi kwenye kidevu, wakamwita Kidoti. Mama yake alikuwa muuguzi, anakuja kumchukua mchana na sare zake za hospitali, macho mekundu kwa kukesha. Baba alikufa kwa ajali kabla Kidoti hajajua kutembea. Siku moja nilimvuta mama huyo pembeni nikamwambia, wewe ni mtu wa hospitali, mtazame wifi yangu vizuri, kuna kitu hakiko sawa.

Alinisikiliza huku akifunga kamba za viatu vya mwanawe.

"Fundi," alisema, "huyu mwanangu alikuwa haongei mbele ya watu. Hata kwenye salamu alijificha nyuma ya sketi yangu. Leo anaongea lugha mbili. Ticha kazeeka kidogo, nani hazeeki? Na unisamehe, lakini tumesikia kwamba unaitaka ile sebule uweke vyerehani."

Sijui maneno hayo yalizaliwa wapi. Ninachojua ni kwamba ukiwa wifi, huna ushahidi duniani. Hata nyumba ingeshika moto nikapiga kelele, wangeniuliza nina ugomvi gani na paa.

Basi nikamkabili mwenyewe. Tulikuwa tunachambua mchele, sinia katikati yetu. "Wifi, twende hospitali."

"Ninazeeka, siumwi. Usinizike kabla sijafa."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Vidole vilikuwa vinajua kazi yao. Kisha akasema, taratibu, bila kiburi chochote, "Wakiniambia kwamba nina kitu, wazazi watasikia. Wakisikia, benchi litabaki tupu. Mimi bila wale watoto ni nani, wifi? Hebu niambie. Nitakaa hapa nichambue mchele mpaka lini?"

"Na siku utakapomsahau mtoto?"

"Mtoto siwezi kumsahau. Wamevaa majina."

Hapo ndipo hofu iliponiingia kabisa, kwa sababu lile halikuwa jibu la mtu asiyejua. Alijua. Alikuwa ameshapima shimo lake na kulijengea daraja la vitambaa, na alitegemea kupita juu yake na watoto wa watu mkononi.

Tangu siku hiyo sikumwacha peke yake getini. Mchana darasa lilipokwisha, Ticha alikuwa na utaratibu aliojivunia sana. Mtoto hatoki mpaka mtu wake afike. Anamtaja mtoto, anamtaja na mtu aliyemfuata, "na mama yake", "na dada yake", kisha anauchukua mkono wa mtoto na kuuweka ndani ya mkono wa mtu huyo. Hakuna geti jingine mtaani lililokuwa na nidhamu ile. Mimi nikawa naacha cherehani, nakwenda kukung'uta vitambaa visivyo na vumbi karibu na hapo, uzi shingoni, masikio wazi.

Nilichosikia hakikunipa usingizi. Alisoma jina kifuani pa mtoto vizuri kabisa, kisha akainua macho kumtazama mtu mzima, akakwama. "Na... na wako huyu."

"Mimi baba yake, Ticha!"

"Ee, baba yake. Nilitaka useme mwenyewe."

Wanacheka. Wanaondoka. Anayefuata. Watoto walikuwa na vitambaa, watu wazima hawakuwa navyo, na mimi peke yangu ndiye niliyeona tofauti hiyo ilikuwa inatupeleka wapi.

Siku yenyewe asubuhi walikuwa kwenye ukoo wa hasira. Nilisikia yote nikiwa naunga mikono ya blauzi. "Cross" alikuwa amenuna tu. "Angry" alikunja ngumi. Kuwa "furious", hasira ya kupofua macho, Ticha alimchagua Kidoti, yule yule aliyekuwa hasemi, naye akapiga miguu sakafuni na kunguruma hadi wenzake wakamkimbia kwa furaha. Ticha alicheka mpaka akashika ubavu. Nilifikiri, labda mimi ndiye ninayezidisha mambo.

Mchana akaja mteja kujaribu gauni. Nilikuwa naye chumbani, pini mdomoni, napima pindo, na geti nikalisikia likifunguliwa na kufungwa, sauti za wazazi, vicheko, mlio wa magurudumu ya mkokoteni. Nikamwambia mteja asimame wima tumalize haraka. Nilipotoka, pale getini hapakuwa na mtu. Ticha alikuwa anapangusa benchi. Watoto wote walikuwa wamekwenda, nikashusha pumzi.

Muda si mrefu mama yake Kidoti akaingia, sare mwilini, anahema.

"Nimechelewa, samahani. Kidoti! Twende!"

"Kidoti keshakwenda," alisema Ticha.

"Kaenda na nani?"

"Na baba yake."

Yule mama hakupiga kelele. Aliweka mkoba wake chini, polepole. "Ticha," alisema, "baba yake Kidoti alikufa."

Wifi yangu akatabasamu, tabasamu lile la darasani la kumtia moyo mtoto aliyekosea. "Basi mjomba yake," alisema. Mama akatikisa kichwa. "Kaka yake?" Mama alikuwa hana hata nguvu ya kutikisa kichwa tena. "Babu yake? Jirani?" Alikuwa akiwatuma ndugu mmoja baada ya mwingine, macho yake kwenye midomo ya yule mama, akingoja ni yupi atakayepokelewa. Walipomwishia, sauti ilimshuka. "Mtu," alisema. "Alikuwa mtu. Alikuwa na mkono."

Hapo ndipo mama alipopiga ukelele, na ukelele ule ulitoa watu majumbani.

Fundi baiskeli alikuwa ameona. Alisema muuza maji, yule mgeni anayesukuma mkokoteni wa madumu, amepita na mtoto juu ya mkokoteni, wanaelekea barabara kuu. Yule mtu hakuwa amekaa mtaani kwetu muda wa kutosha hata kujulikana jina. Mtu mmoja akasema, "Mwizi wa mtoto!" na likapokelewa mdomo kwa mdomo haraka kuliko salamu. Watu walianza kukimbia. Na mimi nilikimbia, futi ya kupimia ikinipigapiga kifuani, na moyoni nilikuwa naomba vitu viwili, mtoto awe mzima, na hao waliotangulia mbele yangu wasiwe wamefika.

Walikuwa wamefika. Karibu na kituo cha mafuta mkokoteni ulikuwa umepinduliwa, maji yanatiririka barabarani, na muuza maji amepiga magoti katikati ya watu, shati limechanika, nyusi imepasuka, damu inaingia jichoni. Mkono mmoja alikuwa amemzungushia Kidoti na kumbana kifuani.

"Mwachie mtoto!" walikuwa wakipiga kelele. "Mwachie, mwizi we!"

Hakumwachia. Angemwachiaje? Nyuma ya mgongo wake malori yalikuwa yanapita, na mbele yake mawe. Walioona amemshika mtoto hawakuona kwamba alikuwa anamkinga, jiwe limpate yeye kwanza.

"Mwalimu kanipa!" alilia yule mtu. "Wallahi mwalimu kanipa mwenyewe! Kanishika mkono, kasema nimechelewa, nimpeleke mtoto nyumbani! Nimeuliza nyumbani wapi, kafunga geti! Nilikuwa namtafutia kwao!"

"Muongo! Mwalimu gani atampa muuza maji mtoto?"

Mmoja alikuwa na nondo. Kijana wa pale pale mtaani, nilimshonea kaptula za shule. Nikamwona uso, nikaona hii ndiyo ile hasira wanayoiweka mwisho wa benchi. Nilipenya kwa viwiko hadi nikasimama juu ya yule mtu.

"Anasema kweli!" nilipiga kelele. "Kapewa! Wifi yangu anaumwa, hawakumbuki watu! Nimesema siku zote hizi, hamkunisikia!"

Mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko kibaya. "Mwone huyu naye! Wifi yake! Hata hapa kapata pa kumchafulia mwenzake!"

Hata hapo. Damu ya mtu inachuruzika na bado mimi ni wifi. Nilitamani nimrarue. Nondo ikainuka, na nadhani ingeshuka, iwe juu yake au juu yangu, kama mama yake Kidoti asingefika. Alipita katikati yao kwa sare yake nyeupe, akainama, akamchukua mwanawe mikononi mwa yule mtu. Muuza maji alimwachia mara moja, bila kushurutishwa. Kila mtu aliliona hilo.

"Basi," alisema mama. Hakupaza sauti, ilibidi watu wanyamaze ndipo wamsikie. "Fundi anasema kweli. Nimemsikia Ticha kwa masikio yangu. Kaniambia mwanangu kaenda na baba yake, na baba yake nilimzika mimi."

Kijana akashusha nondo. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Wawili watatu wakaondoka, wakifuatwa na wengine, kama kawaida ya watu waliotaka kuua na wakanyimwa. Mama yake Kidoti akampa mtoto mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaikandamiza ile nyusi kwa kitambaa hadi damu ikasimama.

Ndipo wifi yangu akafika, anatembea taratibu, kandambili moja ya kwake na moja ya kwangu. Alimwona yule mtu ameketi kwenye maji yake.

"Jamani, nani kamfanyia hivi mtu wa watu?"

Akapiga magoti, akakunja upindo wa mtandio wake amfute damu shavuni. Muuza maji alimwona uso akarudi nyuma kwa makalio, anasota kwenye matope, anamkimbia. Mkono wa wifi ulibaki hewani. Akamtazama yule mtu, akamtazama Kidoti, akamtazama mama yake. Kisha akanigeukia mimi.

"Ni mimi?"

Ningeweza kudanganya. "Ni wewe, wifi," nikamwambia.

Jioni tulikaa barazani bila kuwasha taa. Mama yake Kidoti alikuwa ameahidi kuwaambia wazazi wengine, na kumtafuta daktari anayemfahamu. Wifi alikuwa na akili zake zote jioni ile, na sijui kama hilo lilikuwa neema au adhabu. Akauchukua ufunguo wa geti msumarini, akautia kiganjani mwangu, akanifunga vidole.

"Kesho watakuja," alisema. "Wapo watakaokuwa hawajasikia. Watakuja, na mimi nitawafungulia."

"Huwezi kuwafungulia, baada ya haya."

"Nitawafungulia. Haya kesho sitakuwa nayo. Najijua. Nitaamka nikiwa mwalimu." Alikuwa bado amenishika ngumi. "Nikikuomba ufunguo, usinipe. Nikilia, usinipe. Na nikikuuliza kwa nini, usiniambie habari za yule mtu na damu yake. Leo nimezipokea, zimenitosha. Sitaki kuzipokea upya kila asubuhi. Niambie kitu kingine, chochote."

Nilimwahidi. Nililia sana jioni ile, yeye hakulia.

Asubuhi nikaamka kabla yake, nikafunga geti, ufunguo nikauficha ndani ya blauzi. Walikuja, kama alivyosema. Wapo ambao habari hazikuwafikia, na wapo zilizowafikia wakaamini nimezipika mimi. Nilisikia sauti za watoto nje, wakiimba ukoo wa hasira waliojifunza jana. Wifi akatoka, ameoga, amevaa gauni la kazi, chaki mkononi, uso wake umekunjuka kama hakuna lililowahi kutokea. Akavuta geti. Akalivuta tena.

"Wifi, geti limefungwa. Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi."

"Nipe basi, watoto wanaungua jua."

"Sikupi."

Alidhani ni utani, akanyoosha mkono huku anacheka. Nikabaki nimeketi kwenye cherehani. Kicheko kikamwisha kidogo kidogo, akatazama watoto kwenye nondo za geti, akatazama wazazi nyuma yao, akanitazama mimi.

"Nimekukosea nini?" aliuliza. "Kwa nini unanifanyia hivi mbele za watu?"

Nilikuwa na jibu moja la kweli na nilikuwa nimeahidi kutolitoa. Nikatafuta lingine, na yeye akalipata kabla yangu.

"Una wivu," alisema. Machozi yalikuwa yanamjaa. "Miaka yote hii watu walikuwa wakiniambia una wivu na mimi, na mimi nikawa nakutetea. Ni kweli, wifi? Una wivu na mimi?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nina wivu na wewe." Nililisema kwa sauti, wazazi wote nje ya geti walisikie.